UZI: Mafuta yanayotoa amri ndani ya seli. Vitamini A na surua, dexa, mkorogo, lehemu na kinga ya mwili

#1 Mfamasia wa Zamu

Wakuu, salaam kwenu.

Kila Juni na Disemba kliniki za watoto Tanzania zinajaa kina mama. Mhudumu anachukua kidonge laini chenye mafuta ndani, cha bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa aliyetimiza mwaka hadi anapokaribia mitano, anakata ncha kwa mkasi, anaminya matone mdomoni, basi. Cha bluu kina yuniti 100,000 za vitamini A, chekundu 200,000. Mama anaambiwa "ni ya macho na kinga", foleni inasogea.

Hayo maneno "na kinga" ndiyo yamenifanya nifungue uzi. Karoti na macho tumeimba tangu shule ya msingi. Lakini matone ya mafuta yanaiambiaje kinga ya mwili cha kufanya? Ukilifuatilia swali hilo unajikuta kwenye mambo ambayo mtaani hatuyaweki kapu moja: dexa ya wagonjwa wa Uviko, mkorogo, lehemu (kolesteroli) kwenye mishipa, hadi kwa nini dada aliye kwenye dozi ya TB anaambiwa abadili uzazi wa mpango.

Mwaka 1987 yalichapishwa mambo mawili ambayo kwa juujuu hayahusiani kabisa.

La kwanza lilitoka Dodoma. Hospitali ya Mvumi, watoto 180 waliolazwa kwa surua. Waligawanywa kwa bahati nasibu: 88 wakapewa vitamini A, yuniti 200,000 siku ya kulazwa na nyingine kama hiyo kesho yake, 92 wakapata matibabu ya kawaida tu. Waliopewa walikufa 6, wasiopewa 12. Kwa jumla tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema si bahati. Ila kwa watoto wa chini ya miaka miwili ilikuwa kifo 1 dhidi ya 7, na hapo ikawa ngumu kuipuuza. Mwaka 1990 Cape Town nao wakatoa majibu yao: watoto 189 wenye surua kali, vifo 2 kati ya 92 waliopewa vitamini, 10 kati ya 97 wasiopewa. Leo vitamini A kwa mtoto mwenye surua iko kwenye mwongozo wa WHO, na Mvumi ni sehemu ya sababu. Sijui kwa nini hatujivunii hili zaidi.

La pili lilitoka maabara. Kundi la Pierre Chambon huko Strasbourg, Ufaransa, na kundi la Ronald Evans California, kila moja kivyake, walipata protini inayokamata asidi ya retinoiki, yaani kile ambacho vitamini A inageuzwa kuwa ikishafika kwenye seli. Protini hiyo haikai kwenye utando wa nje. Iko ndani ya kiini, imeishika DNA yenyewe.

Utamu uko hapo. Homoni kama insulini ni protini, haiwezi kupenya utando wa seli. Inaishia mapokezi, inaacha ujumbe, karani anampa karani mwenzake mpaka ufike ofisini. Mafuta hayana foleni hiyo. Utando wenyewe umejengwa kwa mafuta, kwa hiyo yanapita moja kwa moja mpaka mezani kwa mkurugenzi.

Kinachoyasubiri huko ni kipokezi cha kiini. Binadamu ana aina 48 za vipokezi hivi, na vingi vinashika kitu chenye asili ya mafuta: vitamini A, vitamini D, homoni za steroidi, asidi za nyongo, lehemu iliyooksidishwa, asidi za mafuta tunayokula. Kipokezi cha vitamini A kikiwa kitupu hakijalala. Kimekaa juu ya jeni na mwenzake aitwaye RXR, wameshikilia protini za kuzuia, jeni haisomwi. Asidi ya retinoiki ikiingia kwenye mfuko wake, kipokezi kinabadilika umbo, protini za kuzuia zinaachia, za kusukuma zinakuja, na jeni inaanza kufanya kazi.

Kazi gani? Kwenye utumbo kuna seli za kinga zinazookota vipande vya vijidudu na kwenda kuvionyesha kwa seli T, askari wenzao wa kinga. Seli hizi zina kimeng'enya cha kugeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na wakati zinaionyesha seli T kile kipande zinaipa na hiyo asidi. Seli T iliyoipata inaota alama juu yake zinazoifanya ikitembea kwenye damu irudi utumboni na si kwingine. Watafiti wa Japani walionyesha hilo mwaka 2004. Mwaka 2007 makundi kadhaa yakaonyesha kwamba asidi hiyohiyo inasaidia kuzalisha seli T za kutuliza, zile zinazoizuia kinga isianze kupigana na ugali na maharage. Kingamwili aina ya IgA, zinazolinda kuta za utumbo, nazo zinaitegemea.

Sasa ilete surua. Virusi vinashambulia utando wa njia ya hewa na wa utumbo, na wakati huohuo vinashusha vitamini A kwenye damu. Mtoto aliyeanza na akiba ndogo anabaki mtupu: utando unakauka na kuwa mgumu, hautoi ute, seli za kinga hazifiki panapotakiwa. Nimonia na kuhara ndivyo vinavyomaliza kazi, surua yenyewe ilishafungua njia.

Steroidi na lehemu zinakuja. Maswali ruksa.

#2 Mzee wa Hoja

Naweka kambi hapa. Mfamasia umetiririka, ila usitukimbie katikati kama wenzako wa ule uzi wa kisukari.

Swali langu: kama matone mawili matatu yanaokoa watoto, kwa nini wasipewe palepale leba, siku ya kuzaliwa? Tunasubiri miezi sita ya nini?

#3 Mfamasia wa Zamu

Mzee wangu, umegusa penyewe. Wazo hilo lilijaribiwa, na lilijaribiwa hapahapa. Majaribio yaliitwa Neovita, yalifanyika Ghana, India na Tanzania, majibu yakatoka mwaka 2015. Kwetu yalihusu vichanga karibu 32,000, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wakiwemo. Mtoto alipewa yuniti 50,000 katika siku za mwanzo za maisha, au kidonge kinachofanana kisicho na vitamini.

Tanzania na Ghana hayakupunguza vifo. WHO haipendekezi vichanga wapewe.

Kwa nini, wakati kwa mwenye surua inaokoa? Kipokezi ni kilekile. Lakini mtoto wa surua amepungukiwa sasa hivi, ugonjwa umeimaliza akiba yake, na utando unaohitaji kujengwa upya ni ule unaoshambuliwa. Kichanga yuko kwenye hali nyingine, kinga yake bado inajifunza, na anapata vitamini A kutoka maziwa ya mama. Kusukuma amri ambayo haikuwa imepungua si sawa na kurudisha iliyokuwa imekatika. Naomba mliweke hilo kichwani, tutalihitaji mbele.

#4 Mwana Kigoma

Kwa hiyo sisi tuliolelewa na mawese tuko salama? 😂 Kwetu mboga bila mawese mekundu ilikuwa mboga ya mgonjwa. Siku hizi watu wanataka mafuta meupe ya kwenye chupa, wanasema mawese ni ya kishamba.

#5 Mfamasia wa Zamu

Mwana Kigoma, huo wekundu ndio mali. Ni karotini, na mwili unaikata kupata vitamini A kadiri unavyohitaji. Mafuta yakisafishwa na kupaushwa mpaka yakawa meupe, karotini imeondoka. Hata ukiyakaanga mpaka moshi utoke na rangi ipotee umeiunguza mwenyewe. Faida nyingine: vitamini A iliyotengenezwa tayari ikizidi ni sumu kwa ini na inaharibu mimba changa. Karotini ya chakula haina hatari hiyo, kwa sababu mwili ndio unaoamua igeuzwe kiasi gani.

Viazi lishe vya rangi ya chungwa vipo kwa sababu hiyohiyo. Mmoja wa waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo ni Mganda, Robert Mwanga.

#6 Nesi wa Nyanda

Mfamasia hongera kwa shule. Mimi nataka uje kwenye dexa. Wakati wa Uviko nilikuwa wodini, sitasema wapi. Tulikuwa tunapokea watu ambao walishameza dexa nyumbani siku kadhaa, wamenunua wenyewe duka la dawa, "si ndiyo dawa ya corona walitangaza". Mwingine alikuwa na kikohozi tu na homa, oksijeni yake safi. Anakuja sukari imepaa, hali mbaya kuliko alivyoanza. Naomba uwaeleze watu hiyo dawa inafanya nini hasa, mimi nimechoka kueleza.

#7 Mfamasia wa Zamu

Dada Nesi, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapoumia.

Tezi zilizokaa juu ya figo zinatengeneza homoni ya kotisoli, na malighafi yake ni lehemu. Ndiyo, ileile lehemu tunayoitukana. Kipokezi cha kotisoli tofauti na cha vitamini A hakisubiri juu ya DNA. Kinakaa nje ya kiini, kimeshikiliwa na protini nyingine. Homoni ikikikamata kinaachiwa, kinaingia ndani ya kiini, na huko kinafanya mambo mawili. Kwanza kinafungua jeni za protini zinazozima mchochota, yaani ule uvimbe wa joto, wekundu na maumivu unaokuja kinga inapopigana. Pili kinakwenda kuikalia NF-κB, protini inayowasha jeni za mchochota karibu zote unazozijua. Deksamethazoni (ndiyo dexa) na prednisoloni ni kotisoli zilizochongwa upya ziwe na nguvu zaidi; kundi hili ndilo tunaloliita steroidi.

Nguvu yake ilionekana Septemba 1948, Mayo Clinic, Marekani. Daktari Philip Hench alimchoma kotisoni mama kijana aliyelemazwa na baridi yabisi, hata kitandani kugeuka kazi. Baada ya siku chache akawa anatembea. Miaka miwili tu baadaye, 1950, Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel. Madhara yakaanza kuonekana baada ya wagonjwa kuitumia kwa muda mrefu: uso kuvimba, mifupa kulika, sukari, maambukizi yasiyo na homa kwa sababu mwili umenyimwa uwezo wa kupandisha homa.

Sasa Uviko. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililotangaza majibu Juni 2020, lilitumia miligramu 6 kwa siku, zisizidi siku 10. Tazama namba za vifo ndani ya siku 28:

Waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia: 29.3% kwa waliopewa dexa, 41.4% kwa wasiopewa.
Waliokuwa kwenye oksijeni tu: 23.3% dhidi ya 26.2%.
Wasiohitaji oksijeni: 17.8% dhidi ya 14.0%.

Mstari wa tatu ndio ule ambao tangazo la redioni halikuufikisha mtaani. Asiyehitaji oksijeni hakupata faida yoyote, na namba zimeelemea upande mbaya. Sababu iko kwenye kipokezi. Siku za mwanzo kirusi ndicho kinachozaliana, na kinga ndiyo inayokizuia. Ukiizima unakipa nafasi. Baadaye, mapafu yanapojaa maji, kinachoua ni kinga yenyewe iliyopitiliza. Hapo ndipo kuizima kunaokoa.

Na si Uviko peke yake. TB ya utando wa ubongo, Vietnam, majibu ya 2004, wagonjwa 545: dexa ilishusha vifo kutoka 41.3% hadi 31.8%. Ukaja ugonjwa wa fangasi wa utando wa ubongo kwa wenye VVU, watu wakasema si utando wa ubongo uleule, tujaribu. Jaribio lilifanyika Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo. Lilisimamishwa baada ya wagonjwa 451, kwa sababu waliopewa dexa walikuwa wanabaki na ulemavu zaidi na fangasi ilikuwa inaondoka polepole kwenye maji ya uti wa mgongo. Majibu yalichapishwa 2016. Dawa ileile, kipokezi kilekile, sehemu ileile ya mwili.

Kwa mazingira yetu kuna la ziada: mnyoo wa strongiloidi. Mtu anaweza kuishi nao miaka bila kujua, kinga inaudhibiti. Akianza steroidi za nguvu unazaliana na kusambaa mwili mzima, na unaua. Ndiyo maana daktari makini anauliza na kutibu minyoo hiyo kabla ya kuanza dozi ndefu.

#8 Nesi wa Nyanda

Mstari wa tatu nitauchapisha niubandike ukutani. Asante sana.

#9 Binti Makorora

Naomba nisihukumiwe. Natumia cream ya kung'arisha, muuzaji ananichanganyia mwenyewe kwenye kopo. Mwanzoni ngozi ilikuwa kama ya mtoto, chunusi zote kwisha. Sasa mashavuni mishipa inaonekana, na kuna miduara inaenea kifuani inawasha. Nikiacha siku mbili uso unawaka moto. Hii nayo inahusu huu uzi?

#10 Mfamasia wa Zamu

Mdogo wangu, hakuna wa kukuhukumu, na inahusu moja kwa moja.

Mikorogo mingi ina steroidi, mara nyingi klobetasoli, mojawapo ya zenye nguvu kuliko zote za kupaka. Inapenya ngozi kwa sababu ni mafuta, inakamata kipokezi kilekile cha dexa. Mchochota unazimwa, ndiyo maana chunusi "zilipona" na ngozi ikalainika. Lakini kipokezi hicho pia kinazifunga jeni za kolajeni, kwa hiyo ngozi inakonda mpaka mishipa inaonekana. Na kinga ya ngozi ikizimwa fangasi wanatembea wanavyotaka. Hiyo miduara kifuani inafanana na fangasi, lakini lazima aione mtu, kwa sababu steroidi huwa inaiharibu sura yake ikawa ngumu kutambua.

Kuwaka ukiacha ni ngozi iliyozoea amri kutoka nje. Ukipaka eneo kubwa kwa muda mrefu dawa inaingia hadi kwenye damu, na zile tezi za juu ya figo zinapunguza kutengeneza kotisoli yako mwenyewe. Kwa hiyo usirudie kupaka ili kutuliza moto, na usiache kimyakimya halafu ukakaa nyumbani ukianza kuishiwa nguvu, kutapika au kuzimia. Nenda kliniki ya ngozi na hilo kopo mkononi. Waambie umetumia muda gani. Watakupunguzia kwa utaratibu.

#11 Afya Tele

Mnazunguka sana wadau. Ukweli ni kwamba dunia nzima sasa inajua vitamini D ndiyo mfalme wa kinga. Nayo ina kipokezi cha kiini, Mfamasia mwenyewe atathibitisha. Inaua bakteria wa TB. Mimi nauza vidonge vya yuniti 10,000, dozi ya miezi mitatu. Mwenye VVU au mwenye TB kwenye familia aje inbox.

#12 Mfamasia wa Zamu

Afya Tele, nusu ya kwanza nakuthibitishia bila tabu, kwa sababu ni sayansi nzuri kweli.

Mwaka 2006 kundi la chuo kikuu cha UCLA, California, lilionyesha hivi: makrofeji, ile seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikitambua bakteria wa TB inaongeza vipokezi vya vitamini D na kimeng'enya cha kuiamsha vitamini yenyewe. Vitamini iliyoamshwa inakamata kipokezi, kipokezi kinafungua jeni ya kathelisidini, protini fupi inayotoboa bakteria. Ukiiweka seli kwenye maji ya damu yenye vitamini D kidogo, kathelisidini inatoka kidogo. Ukiongeza vitamini, inapanda. Kwenye sahani ya maabara hakuna ubishi.

Nusu ya pili, ya inbox, ndiyo inayonitia wasiwasi. Dar es Salaam walijaribu kwa watu, majibu yakatoka 2020. Watu wazima 4,000 wanaoishi na VVU, wanaanza ARV, wote vitamini D yao chini ya nanogramu 30 kwa mililita. Nusu wakapewa yuniti 50,000 kila wiki kwa mwezi wa kwanza, kisha 2,000 kila siku hadi mwaka uishe. Nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Vifo havikupungua. TB ya mapafu haikupungua.

Utasema hao hawakuwa na upungufu wa kutosha. Haya, twende Mongolia, nchi ya baridi, mwaka huohuo wa 2020. Wanafunzi 8,851, karibu wote wakiwa na upungufu wa wazi. Miaka mitatu ya yuniti 14,000 kwa wiki. Vitamini kwenye damu ikapanda vizuri kabisa. Maambukizi ya TB: 3.6% kwa waliopewa, 3.3% kwa wasiopewa.

Kipokezi cha vitamini D kina kazi mbili zinazovutana. Kinaisaidia makrofeji kuua, na papo hapo kinazituliza seli T ambazo makrofeji hiyohiyo inazitegemea kupata nguvu. Ukiongeza vitamini unasukuma pande zote mbili. Tena makrofeji inajitengenezea vitamini iliyoamshwa pale ilipo, inahitaji malighafi kidogo tu. Mwaka 2012 walipimwa Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili, wastani ukawa nanomoli 115 kwa lita, bila kidonge hata kimoja. Jua linatosha kama ngozi inaliona.

Na yuniti 10,000 kila siku bila kupima damu kwa mgonjwa wa TB ni jambo la hatari. Makrofeji zilizokusanyika kwenye vidonda vya TB zinaamsha vitamini D bila breki, kalsiamu inaweza kupanda kwenye damu, na wa kwanza kulia ni figo.

#13 Afya Tele

Sawa, kila mtu na utafiti wake. Wateja wangu wanashukuru.

#14 Mwana Kigoma

Huyo wa inbox kapigwa nondo za Mongolia 😂😂

#15 Mzee wa Hoja

Tuache utani. Mfamasia, ulituahidi lehemu. Mimi nina presha, daktari ananiambia mishipa ina mchochota. Mafuta yanaleta mchochota au yanauzima? Maana hapa kila ulichotaja kinauzima.

#16 Mfamasia wa Zamu

Yote mawili, mzee, na kinachoamua ni makrofeji inayafanyia nini.

Lehemu ikipenya ukuta wa mshipa, makrofeji zinaimeza. Ikizidi, sehemu yake inaoksidishwa, na lehemu hiyo iliyooksidishwa inakamata kipokezi kiitwacho LXR. LXR inafungua jeni ya ABCA1, pampu inayoitoa lehemu nje ya seli na kuikabidhi kwa HDL, kibebeo cha lehemu kwenye damu, irudi kwenye ini. Hiyo ilikuwa inajulikana. Kilichoshangaza kilitoka kwa kundi la Peter Tontonoz, UCLA, mwaka 2003: LXR hiyohiyo ikiwashwa, jeni za mchochota kama COX-2 na IL-6 zinanyamaza. Yaani amri ya kusafisha lehemu na amri ya kupunguza hasira ni amri moja.

Ukifikiria ina mantiki. Kila siku mabilioni ya seli zetu zinakufa, na makrofeji zinazila pamoja na lehemu yake. Zingekuwa zinawasha mchochota kwa kila mlo tungekuwa tumevimba mwili mzima. LXR inatambua lehemu ya maiti hao, inaongeza vifaa vya kuwameza, inatuliza hali. Panya walioondolewa LXR wanaanza kushambulia miili yao wenyewe, figo zinaharibika kama za mgonjwa wa lupasi. Na wala hawawi mashujaa wa vita: wanashindwa na bakteria wa listeria na TB kwa urahisi kuliko panya wa kawaida. Hilo la mwisho napenda kuwaambia wanaodhani mchochota mwingi ni kinga nyingi.

Kwenye mshipa wako, mzee, tatizo linakuja lehemu inapoingia kwa kasi kuliko pampu inavyotoa. Makrofeji inajaa mpaka inaonekana kama povu, baadhi ya lehemu inaganda kuwa fuwele, na fuwele zinawasha mchochota kwa njia nyingine kabisa. LXR inazidiwa.

"Basi tupewe dawa ya kuwasha LXR." Walitengeneza. Kwenye panya mishipa ikawa safi. Tatizo, LXR iko na kwenye ini, na kule amri yake ni kutengeneza mafuta. Ini likajaa mafuta, na trigliseridi, mafuta ya kwenye damu, zikapanda. Ndiyo maana huioni duka la dawa. Ndugu yake, PPAR gama, unaweza kuikuta: pioglitazoni ya kisukari inafanya kazi kupitia hiyo, na kwenye makrofeji nayo inatuliza mchochota. Bei yake ni maji kujaa mwilini, kwa mwenye moyo dhaifu haifai, na mifupa inavunjika kirahisi zaidi kwa wanawake. Wewe endelea na dawa ya presha, statini (dawa ya kushusha lehemu) kama umeandikiwa, na upunguze hayo mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mara kumi.

#17 Mzee wa Hoja

Ya kukaangia umenipiga chini ya mkanda. Mama watoto asiuone huu uzi.

#18 Kiherehere wa Mbagala

Nimesoma kimya tangu juzi. Mimi ndiye yule uliyemtaja mwanzoni. Nimeanza dozi ya TB, natumia vidonge vya majira. Nesi ameniambia nibadilishe ila foleni ilikuwa ndefu hakunieleza. Mume wangu anasema ni visingizio vya hospitali.

#19 Mfamasia wa Zamu

Nesi yuko sahihi, mwambie shemeji.

Kwenye ini kuna kipokezi cha kiini kiitwacho PXR. Mfuko wake ni mkubwa kuliko wa wenzake, unakubali asidi za nyongo na kemikali ngeni za kila aina. Kazi yake ni kuhisi kitu kigeni chenye asili ya mafuta na kuliamuru ini liongeze vimeng'enya vya kukivunja. Rifampisini iliyoko kwenye dozi yako inakikamata PXR kwa nguvu sana. Ini linaongeza vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo havichagui: vinavunja na homoni za vidonge vya majira kabla hazijafanya kazi. Unameza kila siku kwa uaminifu na bado mimba inaingia. Kijiti nacho kinaweza kupungua nguvu. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi haviathiriki, kwa hiyo chagua kimojawapo na utumie kondomu mpaka ukipate.

Kama unatumia dawa nyingine yoyote itaje kliniki. Mwenye VVU anayetumia dolutegraviri, kwa mfano, akiwa kwenye rifampisini anaimeza mara mbili kwa siku badala ya moja, kwa sababu hiyohiyo ya PXR. Na ukimaliza dozi ya TB usirudi kwenye vidonge vya majira siku hiyohiyo. Vimeng'enya vinachukua wiki kadhaa kushuka, jipe nne.